Jina la Diski ya Nne

Sema ni uongo. Sema sasa hivi, mapema, kabla sijafika pale ulimi unapokauka. Nilimsimulia jamaa mmoja wa mtaa wa Umoja, mwili kama mlango wa ghala, akacheka mpaka akajipiga mapaja. Nilipomaliza aliniomba nimsindikize kwake. Alikuwa anakaa ng'ambo ya barabara, na taa za barabarani zilikuwa zinawaka.

Kwa hivyo cheka. Nangoja.

Jioni hiyo nilikuwa natoka soko la Gikomba na diski moja ya kompyuta ndani ya soksi ya mtumba. Jua lilikuwa linazama nyuma ya marobota, wenye mikokoteni wanapiga kelele watu wapishe njia, maseremala wanafagia maranda. Sikuwa na haraka. Nilikuwa napeleka kifaa Komarock, nibadilishe, ninywe chai, nirudi Kayole nikalale. Kazi ya dakika chache kwa mtu kama mimi.

Ndiyo, mtu kama mimi. Mimi ni Lusweti, fundi. Wengine husema fundi wa kompyuta. Hao hawajaona nilivyofufua redio ya shosho mmoja, bibi kizee, iliyokuwa imezama kwenye uji. Shule niliiacha kidato cha pili. Haikunifukuza, usinizushie. Niliiacha mwenyewe kwa sababu ilikuwa inanichelewesha.

Nilikuwa naenda kwa Ochola. Huyu alikuwa mfanyakazi wa baraza la jiji siku za kazi, na wikendi alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda zaidi: kurekodi. Alibeba tepu rekoda lake na maikrofoni mbili akarekodi kwaya, harusi, na zaidi ya yote matanga. Watu wa kwao wakifiwa hapa Nairobi, mwili husafirishwa nyumbani, na wasioweza kusafiri hutaka kusikia nyimbo na maneno yaliyosemwa kaburini. Ochola alikuwa na kabati zima la kaseti hizo. Sasa joto lilikuwa limeanza kuzipinda. Mjane mmoja alikuja kusikiliza sauti ya mumewe, kaseti ikatoa sauti ya mtu anayeongea akiwa chini ya maji. Yule mama aliondoka bila kuaga.

Ndipo Ochola akaniita. Alitaka kuhamisha kila kitu kwenye kompyuta, na kihifadhiwe kwa namna ambayo diski moja ikifa, hakuna sauti inayopotea. Mitambo ya namna hiyo ilikuwa ya mabenki, inakula stima kama posho-mill ya kusaga unga. Nikamwambia, mkubwa, nipe muda. Nitakujengea yako kwa takataka.

Na nilijenga. Diski nne kuukuu kutoka kwa Awale, yule wa Gikomba anayenunua kompyuta za maofisi zikishatupwa. Ubao wa kompyuta ya kale usiohitaji hata feni. Betri ya gari pembeni, kwa sababu siku hizo stima zilikuwa zinapotea jioni kama wazee wanaokwenda baa. Skrini niliiweka ya kuwashwa kwa haja tu, na ilikuwa haijaungwa kwenye betri. Diski zenyewe nilizifunza kulala: zisipokuwa na kazi zinaacha kuzunguka, zikihitajika zinaamka. Mtambo mzima ulikuwa unakula umeme mdogo kuliko balbu ya chooni.

Sanduku lilitengenezwa na seremala wa Gikomba, mbao, refu na jembamba. Elsie, mke wa Ochola, alipoliona likiingizwa ndani alishika tumbo lake. Alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho. Aliuliza kwa nini umbo liko hivyo. Nikamwambia seremala alikuwa na mbao za saizi hiyo.

Ujanja wenyewe ni huu, na nitausema mara moja, kwa hivyo usisinzie. Unachukua diski nne, unazifanya ziwe kama ndugu. Kila wimbo unakatwa vipande, kila ndugu anapewa chake, na juu yake wanawekeana hesabu. Mmoja akifa, watatu waliobaki wanapiga hesabu ile, na kila alichokuwa nacho marehemu kinarudi. Unaleta diski tupu, unaichomeka mahali pake, unauambia mtambo: huyu ndiye yule. Wale watatu wanaijaza, kidogo kidogo. Ikishajaa, ndiyo yule. Hata ukiipata ile ya zamani inazunguka bado, mtambo hauitaki tena. Mahali pamoja, mmoja.

Sasa sikiliza tulipokosea.

Ochola hakutaka namba. Alisema mchana kutwa anaandika namba za nyumba za watu, jioni hataki kuziona. Akaleta plasta nyeupe ya kidonda na kalamu, akaandika majina, akabandika moja kwa kila diski. Obura, marehemu baba yake. Nyangweso, Agunda na Ondiek, wadogo wa baba yake. Wote wako chini ya udongo huko kwao. Alisema ni heshima, na tena nyimbo za matanga yao zimo humo humo.

Mimi nikaona ni kichekesho kizuri. Nikainama kwenye sanduku nikasema, "Mzee Obura, amka," nikabonyeza swichi. Ile diski ikaamka. Tukacheka. Nikaita wa pili, wa tatu, wa nne. Zikaamka, moja baada ya nyingine.

Tulicheka sana siku hiyo.

Mtoto akazaliwa, mvulana. Na kutoka siku alipoletwa nyumbani, akalia.

Sisemi kulia kwa watoto unakokujua. Alilia kama mtu mzima aliyepotea njia. Akawa hanyonyi, anashika titi, anaachia, analia. Zahanati walimpima, wakampa dawa ya tumbo, wakasema hana kitu. Mama yake Ochola, Phelister, ambaye sote tulimwita Dani, yaani bibi kwa lugha yao, akafunga safari kutoka kwao kuja kusaidia. Kisha diski ya nne, ile iliyoitwa Ondiek, ikaanza kufa. Ndiyo maana nilikuwa na soksi mkononi jioni hiyo.

Nilisikia kilio kuanzia kona ya barabara. Kilikuwa kimepungua nguvu tangu nilipokisikia mara ya mwisho, na hilo halikunifurahisha. Jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye geti lake, mikono imefungwa kifuani. Nilimsalimia kwa heshima zangu zote. Hakuitikia. Aliuliza kama mimi ndiye mwenye lile sanduku. Nikasema ndiyo. Akatema mate kando, akaingia ndani, nikasikia komeo.

Ochola alinifungulia mlango nusu, kama unavyomfungulia mtu wa kudai kodi. Macho mekundu. Hakunikaribisha, alisema tu kwamba diski yangu imekufa haraka mno, na kwamba ameanza kujiuliza kama mafundi wengine huuza vitu vibovu ili waitwe tena. Ningemjibu jibu la kumfunga kamba za viatu. Lakini niliona nyuma yake Elsie na mtoto, nikalimeza.

Mtoto alikuwa amekonda. Ngozi ya mikono ilikuwa imelegea kama soksi ile ile niliyoshika.

Kwenye kona, chini, miguu imenyooshwa, alikaa Dani. Mwanamke mfupi, kitambaa cheupe kichwani. Mbele yake karai la maji. Alikuwa anaangalia sanduku langu. Hakuwa anaangalia mtoto. Sanduku.

Elsie alinifuata jikoni nilipokwenda kutafuta kisu cha kumenya waya. Alinong'ona akiwa ameelekea ukutani, kana kwamba anaongea na sufuria.

"Fundi, wewe ni mtu wa nje. Niambie ukweli. Mtu akitoka nje watu wakilala, akazunguka nyumba akiongea peke yake… huyo ni mtu gani?"

Nilijua anataka niseme nini. Kwao wako, hata kwetu Bungoma wako, wachawi, watu wanaokimbia usiku. Mchana ni shemeji yako, ni mwalimu wa Jumapili. Usiku hakuna nguo na hakuna jina.

"Nani?" nikauliza.

Alielekeza kidevu sebuleni.

Nilirudi na kisu, na nitakubali kwamba sikumpa mgongo yule bibi. Niligeuza sanduku ili nimwone. Ochola alikaa mlangoni akiniangalia mimi. Elsie alikuwa anamwangalia Dani. Dani anaangalia sanduku. Kila mtu humo ndani alikuwa na mshukiwa wake, na mtoto anatulilia sote.

Kisha nikaisikia.

Ka… ka… ka… tiii.

Diski inayokufa hulia hivyo. Kile kisindano cha ndani kinatafuta mahali pa kusomea, hakipati, kinarudi, kinagonga. Nimezisikia nyingi. Ila hii ilikuwa na tabia. Ikigonga, mtoto ananyamaza, anavuta pumzi. Ikimaliza kugonga, analia. Inagonga, anavuta pumzi. Niliziba sikio moja nikasikiliza kwa lingine. Ilikuwa vile vile.

"Kijana wa Mulembe," Dani akasema. Ndivyo wanavyotuita sisi watu wa Bungoma. Sauti ya chini, haina haraka. "Ni wewe uliyeandika majina?"

Nikamwambia hapana, Dani, ni mwanao aliyeandika.

"Lakini aliyewaita ni nani?"

Nilimtazama Ochola. Ochola alitazama sakafu. Kumbe alikuwa amemwambia mama yake kila kitu, hata kucheka kwetu.

"Mtu akiitwa anakuja," Dani akasema. "Akija anataka mahali pa kukaa. Nyinyi mliwaonyesha vipande vya chuma."

Nilicheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi. Nikazima mtambo, nikang'oa diski ya Ondiek. Ilikuwa ya moto, nikaibadilisha mkono mara mbili kama kiazi. Nikachomeka ile mpya.

Na hapa najua unachofikiri. Unafikiri diski ya Gikomba ilikuwa na kitu ndani yake, imetoka kwa maiti, imetoka kwa mganga. Hapana. Niliipima kwa Awale mwenyewe, nikaifuta mwanzo mpaka mwisho. Haikuwa na kitu. Haikuwa na plasta, haikuwa na jina. Tupu kabisa.

Nikawasha. Mtambo ukasoma disketi yake ya kuanzia, skrini ikanionyesha ndugu watatu wazima na mahali pamoja pasipo na mtu. Kilichobaki ni mimi kuandika amri ya kumjaza mgeni. Nilikuwa nimenyoosha vidole juu ya vibonyezo.

Stima zikapotea.

Mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja, kama kawaida. Skrini ikafa. Ndani ya sanduku swichi yangu ikafanya tak, betri ikapokea. Taa nne ndogo nyekundu zikabaki zinawaka gizani, na hakuna kingine. Harufu ya betri ikaanza kupanda, ile ya mayai yaliyooza, ikichanganyika na ya maziwa yaliyochacha kwenye nguo za Elsie. Ochola alipapasa akitafuta kiberiti. Dani akamwambia akae.

Bila skrini sikuweza kufanya lolote. Diski hazikuwa na kazi, zikalala. Nilizisikia zikipunguza mwendo, wuuu… mpaka kimya. Kilichobaki ni kilio, na kilio chenyewe kilikuwa kimekuwa uzi. Kinakatika. Kinaanza. Kinakatika zaidi.

"Mlete," Dani akasema.

Elsie hakusogea. Nilisikia akipumua. Ochola akasema jina la mke wake, taratibu, mara moja tu, na mwishowe nikasikia leso ikisugua sakafu, na mtoto akipokelewa.

Mila hiyo naijua, hata kwetu iko. Mtoto akilia bila ugonjwa, ni kwamba kuna mtu wa ukoo, aliyekwisha kufa, anataka jina lake libebwe. Basi wazee humwita marehemu mmoja mmoja. Ukimtaja yule hasa, mtoto hunyamaza. Analala na jina lake, anaamka mzima. Nimeiona ikifanywa mchana kweupe, watu wanakula na kutaniana. Sikuwahi kuiona ikifanywa gizani, mbele ya sanduku.

Nilisikia maji yakichotwa kwenye karai.

"Kama ni wewe, Obura, nyamaza."

Mtoto akalia.

Ndani ya sanduku… wiiii.

Diski moja iliamka.

Nilijiambia ni betri. Waya umelegea, umeme umeshuka ukapanda, diski imeshtuka. Nilikuwa na maelezo mazuri kabisa. Nilikuwa bado nayapanga kichwani.

"Kama ni wewe, Nyangweso, nyamaza."

Wiiii. Ya pili.

"Kama ni wewe, Agunda."

Ya tatu.

Ochola alikuwa ameanza kusali, midomo tu, hakuna sauti. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye mbao na nilikuwa nazisikia kwa kiganja, tatu zinazunguka, kama wazee watatu waliosogeza viti karibu.

"Kama ni wewe, Ondiek, nyamaza."

Hakuna.

Ya nne haikuamka. Mtoto hakunyamaza.

Dani akangoja. Kisha akaendelea, akaenda mbali, akataja watu ambao hata Ochola hakuwajua. Mabibi. Shangazi aliyekufa akiwa msichana. Mtu aliyezama. Mtu aliyekwenda vita vya wazungu na hakurudi. Baada ya kila jina alingoja, na baada ya kila kungoja sauti ya mtoto ilikuwa ndogo zaidi. Mwishowe haikuwa kilio. Ilikuwa pumzi yenye makwaruzo.

Majina yakaisha.

Nilijua yameisha kwa sababu alivuta pumzi ya kutaja lingine, akaitoa bila neno.

"Atakufa," Elsie akasema. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Giza lile lilikuwa na uzito. Taa nne nyekundu. Diski tatu zinazunguka. Mayai yaliyooza. Kisha Dani akasema tena, kwa nguvu, "Ondiek."

Wiiii.

Ya nne.

Na mtoto alikuwa kimya.

Sekunde moja nilifikiri amekufa. Nadhani sote tulifikiri hivyo. Kisha tukasikia kitu kidogo, cha kawaida kabisa, ambacho kilimfanya Ochola alie kama mtoto yeye mwenyewe. Tulisikia mtoto akinyonya.

Stima ziliporudi, Elsie alikuwa ameketi chini na mtoto titini, anameza kwa pupa, macho yamefumbwa. Nikageukia skrini. Unakumbuka sikuandika amri yoyote. Vidole vyangu vilikuwa hewani stima zikipotea. Lakini skrini ilinionyesha ndugu wanne. Wanne, wazima, wamejaa. Kazi ile kwa mashine ya kizee kama ile huchukua jioni nzima. Ilikuwa imekwisha.

Tulijaribu wimbo mmoja. Ukalia safi.

Dani hakutaka kusikia wimbo. Alisogea kwenye sanduku kwa magoti, akabandua plasta zote kwa ukucha, hata ile ya diski iliyokufa, akazitia kwenye karai, akalibeba nje akamwaga chini ya ukuta. Ndipo Ochola akamweleza Elsie, polepole, mbele yangu, kwamba usiku mama yake alikuwa anatoka nje kuwabembeleza wale wazee warudi nyumbani. Aliwaambia kwamba wameitwa na wajinga. Elsie alimwomba msamaha Dani kwa kumshika miguu. Mtoto akaitwa Ondiek. Wiki iliyofuata alikuwa na mashavu, na nikaalikwa kula samaki, na jirani yule wa geti akanisalimia yeye kwanza.

Hapo ndipo huwa namalizia. Jamaa wa Umoja alisikia mpaka hapo, na mpaka hapo kulimtosha.

Ila kuna sehemu nimeiruka.

Sijui kwa nini leo naitaja. Labda kwa sababu nimeanza kuona kwamba nikingoja sana sitaweza kuitaja.

Dani alipoishiwa na majina, Elsie akasema atakufa, kulikuwa na kimya. Nimekuambia hivyo, na si uongo. Lakini mimi sijui kukaa kwenye kimya, hiyo ni hitilafu niliyozaliwa nayo. Watu wakinyamaza, mdomo wangu unawashwa. Niliogopa, sawa, andika hivyo, Lusweti wa Kayole aliogopa. Na nikiogopa natania. Mkono wangu ulikuwa juu ya sanduku, mdomo karibu na mbao, nikanong'ona, kwa ajili yangu tu, nijichekeshe:

"Kama ni wewe, Lusweti, nyamaza."

Diski ya nne ikaamka.

Mtoto akanyamaza.

Ndipo Dani aliposema Ondiek. Baada. Haraka na kwa nguvu, kama mtu anayetupa blanketi juu ya moto. Ochola na mkewe walisikia lile la nguvu. Langu hawakulisikia. Na ile wiiii niliyokuambia ilifuata jina la Ondiek, kwa kweli ilitangulia.

Wakati wa kuondoka Dani alinisindikiza mpaka geti. Mkono wake ulikuwa bado na maji. Alinishika kifundo cha mkono, akanivuta chini mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Wanaoitwa ni waliokufa," akanong'ona. "Wewe ulikuwa unatafuta nini humo?"

Nikasema ilikuwa mzaha, Dani.

"Nimefunika na Ondiek. Sijui kama itashika. Akianza kutembea, usije hapa."

Kwa hivyo sikuenda. Ulipofika ule wakati wa mtoto kusimama dede, nilianza kuwa na shughuli. Ochola akipiga simu kwenye duka la jirani yetu, nasema niambiwe nimesafiri. Dani alirudi kwao. Mwaka ukapita.

Na nikaanza kupoteza vitu. Kwanza vidogo. Wimbo wa kwaya ya mama yangu, ubeti wa pili. Nikasema ni uchovu. Kisha sura ya mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Kisha njia ya kwenda kwa binamu yangu kule mtaa wa Fedha, ambako nimekwenda tangu nikiwa mdogo. Nilisimama kwenye njia panda nikiwa na mkate mkononi na sikujua nigeuke wapi. Nikamuuliza muuza maji. Mimi. Niliuliza njia.

Mwezi huu Ochola alinipata uso kwa uso, akasema mtambo umeanza kukata nyimbo katikati, na hakuna mwingine anayeuelewa. Sikuwa na uongo uliokuwa tayari. Nikaenda Komarock.

Mtoto sasa anatembea. Mnene, mweusi, mzuri. Alikuwa amekaa kando ya sanduku kwenye mkeka. Aliponiona hakushangaa, hakulia, hakukimbilia mama yake. Alilamba ncha ya kidole, akagonga ubavu wa sanduku mara mbili, ndipo akalishika.

Hiyo ni tabia yangu. Nilianza kufanya hivyo nilipopigwa na stima nikiwa mdogo, nagonga kwanza ili nijue kama kitu kina stima. Sijawahi kumfunza mtu. Hata pale kwa Ochola sikuwahi kuifanya, maana sanduku ni la mbao.

Elsie alicheka. Alisema anaita Ondiek, Ondiek, mchana kutwa na mtoto hageuki, labda masikio yana nta. Nikasema labda. Nikafungua sanduku. Nikaona waya nilizozifunga mwenyewe, nyekundu, nyeusi, njano, vifundo vyangu mwenyewe. Nikaziangalia. Nikaziangalia sana, kichwa kimeinama, nikijifanya nawaza, kwa sababu sikujua hata moja ni ya nini.

Mtoto alinyoosha kidole kwenye ile ya njano. Akaitikisa. Mtambo ukaacha kukata.

Nikakaa pale. Nje mtu alikuwa anapita, nadhani ni kijana wa Kayole aliyeniona nikiingia, maana alisimama getini akaita kwa sauti, "Lusweti! Kuja mara moja."

Mtoto akainuka, akajifuta mikono kwenye kaptula, akaenda mlangoni.

Mimi nilibaki nimekaa, nikijiuliza ni nani anayeitwa.